Mradi wa Du Yu: siku 30 zilizonila wiki tatu

Imekubali! Mstari mmoja tu wa jedwali langu la maisha ya Du Yu, jemadari wa dola ya Jin huko Uchina ya kale, ule wa siku aliyojisalimisha Sun Hao, mfalme wa mwisho wa dola pinzani ya Wu, umenishika wiki tatu, na jana usiku umekaa sawa. Nilikuwa nimepanga kumaliza vyeo vya Du Yu: miaka aliyokaa bila kazi kwa sababu baba yake alikosana na Sima Yi, mwenye nguvu katika dola ya Wei iliyotangulia Jin, ndoa yake na dada yake Sima Zhao, mwana wa Yi, iliyomfungulia mlango wa serikali, sheria za 268 alizoziandikia ufafanuzi, miaka saba ya kusimamia hesabu za dola, daraja la mashua alilotandika juu ya Mto Manjano mwaka 274. Sijagusa hata kimoja. Daraja hasa linanidai, lakini litangoja.

Tatizo ni hili. Historia ya Jin inasema meli za Wang Jun, jemadari mwenzake Du Yu, zilifika Jianye, mji mkuu wa Wu, mwezi wa tatu, siku ya renyin, mwaka 280. Chen Shou, mwanahistoria wa zama zile, katika Kumbukumbu za Falme Tatu anasema renshen. Wachina wa kale walizipa siku majina ya sehemu mbili, shina na tawi, yanayorudi kila baada ya siku 60. Mliozoea mzunguko huo mmeshaona: shina ni lile lile, tawi ndilo limebadilika, na kati ya siku hizo mbili pana siku 30 kamili. Ndiyo sababu ukisoma maandishi ya leo, huku unakuta 1 Mei, kule 31 Mei.

Mwezi mmoja una uzito gani? Kwa Du Yu una uzito wote. Jiangling, mji wa Wu, aliuteka siku ya jiaxu, yaani 3 Aprili. Kwenye baraza la vita wakamwambia adui wa miaka mingi hamalizwi kwa mkupuo mmoja. Joto linaingia, mito inajaa, maradhi yatazuka, tusubiri majira ya baridi. Akawajibu kwamba jeshi sasa ni kama mtu anayepasua mwanzi: ukishavuka vifundo vichache, vilivyobaki vinaachia vyenyewe mbele ya kisu. Wachina wanautumia msemo huo mpaka leo. Sasa pima. Kama Jianye ilianguka 1 Mei, ni siku 28 tu baada ya Jiangling, na maneno yake yametimia kabla joto halijakolea. Kama ni 31 Mei, ni siku 58, na wale waliomtahadharisha walikuwa na hoja nzito kuliko tunavyowapa. Siwezi kuchora ramani ya vita hivi bila kujua ni ipi.

Kwanza nilishuku kalenda zetu wenyewe. Moduli ya tarehe ya Python, lugha ya kuandikia programu, inahesabu kurudi nyuma kwa kalenda ya Gregory, wakati tarehe za kale tunaziandika kwa ile ya Julius. Jioni mbili nzima nikatafuta siku iliyopotea hapo. Haikupotea: kuanzia Machi 200 hadi mwisho wa Februari 300 kalenda hizo mbili zinakwenda sambamba, siku kwa siku. Anayefanya kazi ya Falme Tatu alishike hilo alale usingizi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye zana: programu ya majedwali ninayotumia haitambui tarehe yoyote kabla ya 1900, inaigeuza kuwa maandishi tu. Nimeacha kushindana nayo. Kila tukio nalihifadhi kwa namba ya siku mfululizo (ile ya Julian Day wanayotumia wanaastronomia), na tarehe inazaliwa mwishoni, kwa ajili ya macho. Hakuna njia nyingine ninayoiamini kwa historia ya kale. 1 Mei 280 ni namba 1,823,449. Kupata nafasi yake kwenye mzunguko, toa 11, gawanya kwa 60, inabaki 38. Basi ni siku ya 39 ya mzunguko, renyin. Hesabu hiyo unaifanya hata kwa kalamu.

Baada ya hapo nikarudi kwenye mwandamo. Mwezi wa tatu mwaka ule uliandama siku ya wuzi, 17 Aprili. Nikahesabu siku zake zote. Renshen haimo. Nikarudia, haimo. Nikamsoma tena Chen Shou aya nzima badala ya mstari mmoja, na hapo ndipo nilipopaswa kuanzia, maana hatoi siku moja, anatoa tatu. Bingyin: mamia ya watu wa ikulu wanamsujudia Sun Hao wakitaka Cen Hun, kipenzi chake, auawe. Wuchen: Tao Jun, jemadari wa Wu, amerudi kutoka Wuchang na kuahidi kwamba akipewa meli kubwa na askari 20,000 atawavunja adui; anapewa, na usiku ule ule askari wanatoroka. Renshen: Wang Jun anaingia. Zote tatu ameziweka mwezi wa tatu, na hakuna hata moja iliyomo.

Nikabandua kalenda ya ukutani ya mwaka jana, nikachora visanduku 60 upande wa nyuma, nikasogeza kila siku ya Chen Shou hatua 30 kwa kalamu nyekundu. Bingyin ikawa bingshen, tarehe 9. Wuchen ikawa wuxu, tarehe 11. Renshen ikawa renyin, tarehe 15. Zote ndani ya mwezi wa tatu, na ya mwisho imeangukia pale pale inaposema Historia ya Jin! Nilisimama nikaizunguka meza. Tawi moja likikosewa, nitasema mkono wa mnakili umeteleza. Matawi matatu kwa mpigo, huku nafasi ya siku mbili na siku nne kati yao ikibaki vile vile, si kuteleza kwa mkono. Hapo pana hesabu iliyoruka mwezi mzima. Jedwali langu sasa linasoma 1 Mei, na ile nyingine nimeiweka kwenye safu ya pembeni.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba kazi hii hii ndiyo aliyoifanya Du Yu mwenyewe. Jemadari asiyepanda farasi, ambaye mshale wake haukutoboa hata kipande cha deraya, alimwambia mfalme Sima Yan kwamba ana uraibu wa Zuo, yaani ule ufafanuzi wa Tarihi ya Majira ya Chun na Qiu, kumbukumbu za kale za dola ya Lu. Alipoifafanua alijitengenezea kalenda ndefu ya kukagua kila siku iliyotajwa. Kwenye mwaka wa 2 wa Mtawala Yin wa Lu ameandika hivi: mwezi wa nane hauna gengchen, gengchen ni tarehe 9 ya mwezi wa saba, siku au mwezi, kimoja lazima kimekosewa. Mtindo huo nimeunakili ulivyo kwenye maelezo ya mstari wangu: mwezi wa tatu hauna renshen.

Vyeo vinasogezwa tena mbele, kwa sababu leo asubuhi limenijia jambo jingine. Wu hawakutumia kalenda ya Jin. Tangu 223 walikuwa na kalenda ya Qianxiang ya Liu Hong, wakati Jin walirithi ile ya Yang Wei kutoka Wei. Je, miezi ya nyongeza, ile inayoirudisha kalenda sawa na majira, iliangukia mahali pamoja kwa wote wawili? Kama sivyo, mwezi wa tatu wa Wu unaweza kuwa mwezi wa nne wa Jin, na hapo Chen Shou atakuwa na siku sahihi kabisa, na mstari wangu utafunguliwa upya. Nimeshaanza kuandika programu ya Qianxiang. Urefu wa mwaka nimeuingiza kama siku 365 na 145/589, kwa sehemu kamili bila desimali, na kitakachofuata ni miezi 7 ya nyongeza kwa kila miaka 19.