Nilivyopima risasi na zinki kwenye udongo wa kula

Akina mama wengi Tanzania wanaijua pemba: vijiti vya udongo wa kula, kipenzi cha wajawazito. Nilipokwenda Kariakoo kuvinunua kwa ajili ya utafiti wangu wa kemia, mama muuzaji alinipongeza kabla sijafungua pochi. "Hongera mwanangu, ya miezi mingapi?" Nikamwambia navipeleka maabara. Akanitazama kwa mashaka, kisha akaniongezea vingine bure.

Nilikuwa na maswali mawili: udongo huo una risasi (ile metali yenye sumu, si ya bunduki) kiasi gani, na je, unamnyang'anya mama zinki? Hili la pili lina historia ndefu. Daktari Ananda Prasad, aliyefika Shiraz, Iran, mwaka 1958, alikuta vijana waliodumaa na wasiobalehe, ambao chakula chao kilikuwa mkate usiochachushwa, na wengi wao walikula udongo. Miaka michache baadaye, akiwa Misri, yeye na wenzake walionyesha kuwa vijana wa namna hiyo walipungukiwa zinki. Kabla ya hapo wataalamu wengi hawakuamini kuwa binadamu anaweza kupungukiwa na zinki, metali ambayo mwili mzima wa mtu mzima una gramu 2 hivi tu.

Kazi ngumu haikuwa mashine. Ilikuwa uchafu. Zinki imo kwenye glovu za mpira, kwenye mabati, kwenye vumbi. Risasi imo kwenye rangi za zamani na vumbi la barabarani. Mwanasayansi Clair Patterson, aliyetangaza mwaka 1956 kwamba dunia ina miaka bilioni 4.55, alipigana kwanza na risasi iliyokuwa ikiingia kwenye sampuli zake kutoka kila upande, hadi akajenga maabara safi kwa ajili hiyo tu. Mimi nina chumba chenye feni na dirisha linalotazama barabara. Basi nilizima feni na kufunga dirisha, jasho likanitoka. Vyombo vyote vya plastiki vililala ndani ya asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha vikasuuzwa kwa maji yaliyokenekwa. Glovu nilivaa za plastiki. Udongo niliusaga kwa kinu cha akiki, maana kinu cha chuma huchubuka na kuacha metali yake. Na kila mkupuo ulikuwa na neli moja yenye asidi zote bila udongo. Neli hiyo tupu ikionyesha zinki, vipimo vya siku hiyo vyote navitupa, hata viwe vizuri vipi.

Kuyeyusha udongo kwa asidi kali hueleza kilichomo, lakini tumbo la mama halina asidi ya nitriki. Kwa hiyo nilitengeneza maji yanayofanana na ya tumboni: glaisini na asidi ya hidrokloriki, pH 1.5 (pH ni kipimo cha asidi: ikiwa ndogo, asidi ni kali), nyuzi 37, saa moja. Sikuwa na mashine ya kutikisa yenye joto, nikaziweka neli kwenye beseni la maji ya moto na kuzigeuza kwa mkono, macho kwenye kipimajoto. Risasi iliyoyeyuka ilipishana sana hata kwa vijiti vya sahani moja. Hilo lilinisumbua kuliko wastani wenyewe: muuzaji hana njia ya kujua kipi ni kipi, na risasi huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Kwa zinki nilifanya kinyume. Niliitia mwenyewe kiasi nilichokijua, nikaona udongo unabakiza ngapi. Kwenye asidi udongo haukuishika sana. Nilipopandisha pH hadi 7, kama kwenye utumbo, ukaikamata. Zinki inaweza kuganda yenyewe na kuzama kwenye pH hiyo, ndiyo maana niliweka pembeni neli isiyo na udongo. Humo zinki nyingi ilibaki majini, kwa hiyo ni udongo uliokuwa ukiikamata.

Nilipowapelekea wakunga majibu, hawakuanza na risasi. "Dada, wengine hawaachi hata ukiwakemea. Sasa vidonge vya chuma wameze saa ngapi?" Niliwaambia wavitenganishe na udongo kwa saa nyingi kadiri wawezavyo, ila nilichokipima mimi ni zinki. Chuma ndicho kilichoko kwenye neli zangu sasa hivi.