Nilifuata Unga Berlin, Nikakutana na Mtu wa Kwetu

Sikwenda Berlin kutalii. Nilifuata unga. Hapa Leipzig ninakosoma, unga wa mahindi unaouzwa madukani ni wa njano na una chengachenga, ukiusonga haushikani, ukiuacha unakauka. Mtanzania mwenzangu chuoni akanielekeza duka la Waafrika huko Wedding, kaskazini mwa Berlin, akaapa kwamba wana unga mweupe. Jumamosi moja ya Novemba nikafunga safari.

Tiketi yetu ya wanafunzi haituruhusu kupanda treni za mwendo kasi, ambazo zinafika Berlin kwa saa moja na ushei. Sisi ni wa treni za mikoa, na mimi nilibadilishia Wittenberg. Hapo ndipo Martin Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, nami ninayo ya 96 kuhusu treni ya kuunganisha. Ubao uliandika inachelewa dakika kumi, kisha ishirini, kisha imefutwa. Hakuna aliyepiga kelele. Abiria wakatazama simu zao, wakainua kola za makoti, wakasubiri. Kwetu kondakta angeshakwidwa shati! Kwa njaa na baridi nikanunua pakiti ya korosho, gramu 200, euro 3. Mtoto wa Lindi kununua korosho Ulaya ni aibu, lakini mkate wenye kipande cha jibini ulikuwa ghali zaidi. Nilipofika kituo kikuu cha Berlin, kujisaidia tu kukanitoka euro 1 nyingine.

Duka nililipata, unga nikaupata, bei sitaitaja maana mama naye husoma maandishi yangu. Nikiwa na mfuko wangu nikazunguka kidogo, kwa sababu kituo nilichoshukia kinaitwa Afrikanische Straße na kila kona nilikutana na majina ya kwetu: Tangastraße, Sansibarstraße, Usambarastraße. Katikati yake upo mtaa wa Maji-Maji-Allee. Mpaka Agosti 2024 barabara hiyo ilikuwa sehemu ya Petersallee, jina lililowekwa mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule yule ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu. Nikatarajia mnara au angalau bango kubwa. Ni barabara tu yenye magari yaliyoegeshwa na mzee anayesubiri mbwa wake amalize haja. Nikapiga picha ya kibao, yule mzee akaniangalia kama anayejiuliza kibao kina nini.

Treni ile ile ya chini ya ardhi, U6, ukirudi nayo kusini inasimama kituo cha Naturkundemuseum, yaani makumbusho ya historia ya asili. Nilikuwa na muda wa kupoteza kabla ya treni ya jioni, na ndani kuna joto. Nikalipa kiingilio cha mwanafunzi, nikaweka unga kwenye kabati, nikaingia ukumbini.

Tulimsoma shuleni: mjusi mkubwa, yaani dinosaria, wa kilima cha Tendaguru kwetu Lindi, yuko Ujerumani. Mstari mmoja kwenye daftari, mwalimu akaendelea na somo. Hakuna aliyetuambia kwamba ukisimama miguuni pake unaona magoti tu. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, mifupa iliyounganishwa ambayo hakuna mwingine wa aina yake aliyesimamishwa mrefu kuliko huyo duniani. Kitaalamu ni Giraffatitan, wenyeji wamempa jina la Oskar. Nikakaa kwenye benchi kwanza. Wamemzunguka wenzake wa Tendaguru, akiwamo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, kwa hiyo ukumbi karibu wote ni watu wa Lindi, isipokuwa walinzi na watalii.

Walichimbwa kuanzia 1909 hadi 1913, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimekwisha na kusini kote njaa ikiwa imekausha vijiji. Mamia ya vibarua walichimba, na mifupa ikabebwa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, tani kwa tani. Wataalamu wa Kijerumani, Janensch na Hennig, majina yao yanajulikana. Lakini msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 mmoja wa mijusi hao alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia. Mimi ni Mmwera. Niliposoma hilo kwenye simu nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akageuka.

Karibu yangu mtoto wa kike alimuuliza bibi yake huyu mnyama katoka wapi. Bibi akajibu, "Afrika." Nikashindwa kuvumilia. Kwa Kijerumani changu cha kuunga nikamwambia ametoka Lindi, na mimi pia natoka Lindi. Mtoto akanitazama mimi, akamtazama mjusi, akauliza kwa utulivu kabisa, "Unamfahamu?"

Nikamjibu kwamba ni jirani.

Nikampigia mjomba kwa video. Shamba lake la mikorosho liko upande wa Mipingo, si mbali na kilima chenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Mbona unanong'ona, uko msibani?"

Nikageuza simu, nikampandisha taratibu toka kwato, nikasema kwato mjomba ataelewa, mpaka kichwani. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.

"Ndiyo huyo?"

"Ndiyo huyo."

"Na kuingia umelipa?"

"Nimelipa mjomba."

"Umelipa kumwona wa kwenu!" Akamwita shangazi aje aone, akamwita na jirani. Kukawa na mjadala huko, wengine wanataka arudishwe kesho, shangazi anauliza akirudishwa atawekwa wapi, maana hata darasa la shule paa lake linavuja. Mlinzi akanionyesha kidole mdomoni. Nikatoka nje kwenye ngazi, giza lilikuwa limeshaingia na ni saa kumi na moja tu, nikafungua korosho zangu.

"Unakula nini?" mjomba akauliza.

"Korosho."

"Za wapi?"

Nikasoma pakiti. Imeandikwa Vietnam. Nikamwambia na bei. Mjomba hakumaliza darasa la saba, lakini kwenye hesabu za korosho humshindi: pakiti tano ni kilo, euro 15, akaniuliza euro ni shilingi ngapi, akapata zaidi ya elfu arobaini. Nikajaribu kumweleza kwamba hizi zimebanguliwa na kukaangwa, si ghafi kama anazopeleka yeye ghalani, na kwamba za kwetu nyingi huenda India na Vietnam zikabanguliwe huko.

"Hayo nayajua," akanikata. "Mjusi mwache kwanza. Piga picha hiyo pakiti, mbele na nyuma, bei ionekane. Alhamisi tuna mkutano wa chama cha msingi."

"Na picha za mjusi nisitume?"

"Tuma. Ila pakiti itangulie."