Roboti, marimba na mtoto mwenye usonji

Nafundisha kitengo cha watoto wenye usonji katika shule moja ya msingi hapa Tanga. Nikiwatajia wenzangu habari za roboti katika tiba ya muziki, huniambia hayo ni mambo ya nchi zenye hela. Mimi naona yana funzo hata kwetu tusio na roboti.

Kazi inayonivutia zaidi ni ya Mohammad Mahoor na wenzake, Chuo Kikuu cha Denver, Marekani. Wanatumia NAO, roboti yenye asili ya Ufaransa, kimo chake sentimita 58 tu. Mbele yake huwekwa marimba ya kitoto yenye vibao vya rangi. Roboti inagonga, kisha inampisha mtoto naye agonge. Inasikiliza mlio, inamwambia kama amepatia. Akikosea, wanarudia, kwa sauti ileile na mwendo uleule.

Kwa watoto wangu, huo uleule ni faraja. Uso wa mtu huwaelemea wengi wao, maana macho, nyusi na mdomo hubadilika kwa pamoja. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, kilipounda roboti Kaspar, kiliipa kwa makusudi uso usio na mambo mengi.

Nina mwanafunzi asiyeongea, ukimwita jina hageuki. Lakini nikipiga ngoma ta-ta nikanyamaza, anajibu ta-ta. Ninyamaze kweli, nikiongeza tu "haya, baba, piga!" anainuka na kwenda dirishani. Siku aliponipokonya kijiti ili aanze yeye, machozi yalinitoka. Kuiga ni hatua, ila mimi namtafuta yule anayeanza mwenyewe, tena na mtu.

Wazazi wasidanganywe, tafadhali. Katika jaribio la Denver watoto wenye usonji walikuwa 9 tu. Hata tiba ya muziki ya binadamu si dawa ya usonji: utafiti uliochapishwa 2017, wa watoto 364 katika nchi 9, haukuona dalili zikipungua kuliko kwa waliopata huduma za kawaida. Anayekuuzia uponyaji, mkimbie. Zamu, usikivu, furaha ya kujibizana: hivyo vinastahili muda wetu.

Fundi seremala ananichongea marimba ya vibao vinane, rangi nitapaka mwenyewe. Kinachonisumbua ni kulinganisha sauti za mbao. Mwenye ujuzi huo, awe Tanga au Muheza, naomba aniandikie hapa chini.