Alhamisi za kutema

Leo nimerudi home saa tatu usiku nikiwa mzima kabisa, kichwa chepesi, na nimeonja mvinyo wa aina tano. Wanaonijua toka enzi zangu za bia hawataamini ila ndo hivo, miezi saba sasa kila Alhamisi naendaga kwenye kaduka kamoja ka mvinyo hapa Dodoma, Area C, zamani kalikuwa kanauza spea za pikipiki na ukiinama bado unaona madoa ya oili sakafuni. Elfu tano mlangoni, karanga na mkate humo humo, halafu kazi yetu ni kunusa, kusukutua, kutema. Ndoo ya kutemea ni ile ya rangi, ya lita ishirini, imewekwa maranda ya fundi seremala wa jirani.

Mi sio wa huku. Kwetu Newala, Dodoma nililetwa na kazi 2017 kipindi serikali inahamia, familia ikabaki Dar, na jioni za mji huu ukiwa peke yako ni ndefu jamani. Mvinyo kwangu ulikuwa ule mtamu wa kwenye sendofu unaokunywa kwenye glasi ya plastiki huku unatafuta bia iko wapi. Kwa hiyo nisidanganye, nilienda kwa sababu ya taa na kelele za watu.

Siku ya kwanza dada mwenye duka alitugawia karatasi ameprinti mtandaoni, duara lina rangi rangi limejaa harufu za mvinyo kwa Kiingereza, blackberry, gooseberry, blackcurrant na wenzake. Tukanusa, tukaangalia karatasi, tukanusa tena, kimya. Jamaa mmoja mhasibu akasema yeye anaipata kabisa blackberry, nikamuuliza umeshawahi kuila, akasema kuila hapana ila nilikuwa na simu yake.

Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja, kitenge na kikapu, kumbe ni mkulima wa zabibu toka Mpunguzi, barabara ya Iringa, alileta mzigo wa zabibu za kula mjini akakaribishwa apumzike. Akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hayo matunda yanauzwa Majengo?" Dada akajibu hapana mama. "Sasa si tutafute yanayouzwa Majengo." Basi ile karatasi ikakunjwa mara nne na mpaka leo iko chini ya mguu wa meza inayocheza, na likatoka daftari la mistari, la shule, kurasa 96. Sheria ni moja tu, neno haliandikwi mpaka watu watatu waliopo walikubali.

Sijui kama mtu ambaye hajawahi kukaa pale anaweza kuelewa utamu wa hilo daftari. Kuna ukwaju, kuna zambarau iliyolala, kuna pera (hiyo ni ya Chenin Blanc, ule mweupe, karibia kila mtu analitoa hilo bila kuulizwa), kuna ubuyu usio na sukari, kuna udongo ukipigwa na mvua ya kwanza, kuna kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, hiyo ilitolewa na kijana mmoja Mgogo akiwa amefumba macho na wengine wawili wakasema eeh ndo yenyewe, mi nilikuwa naangalia tu maana sijawahi kunusa kibuyu cha namna hiyo. Na lipo neno ambalo liliandikwa ukurasa wa kwanza kabisa kwa herufi kubwa, UKAKASI. Ile karatasi ilikuwa inaiita tanini, na dada alikuwa anahangaika kuielezea, eti ni kile kitu kinachokausha ulimi na fizi, wote tukasema kwa pamoja aaah ukakasi, kama ndizi mbichi. Neno tunalo toka utotoni, lilikuwa linasubiri tu kazi.

Nirudi kwa mama. Mama hanywi. Ni mtu wa kanisa, mambo ya pombe alishaachana nayo kabla hajaanza, ana ekari moja na nusu ya zabibu mwaka wa kumi na tisa huu na alikuwa hajawahi kutia mdomoni mvinyo hata tone. Wiki tatu za mwanzo alisema mimi nanusa tu. Dada akamwelezea kwamba waonjaji wenyewe wa kazi hawamezi, wanatema. Mama akaondoka nalo, wiki iliyofuata hakuja, ile nyingine akaja na jibu lake: kisichoshuka kooni hakijanywewa. Mhasibu, ambaye ni Mkatoliki na anapenda ubishi kuliko karanga, akamwambia mama mbona usiwe na wasiwasi, zabibu zenyewe hapa zilianza na mapadri wa Bihawana miaka ya 1950 kwa ajili ya divai ya misa. Mama akamwangalia. "Hao wanameza." Mjadala ukaishia hapo.

Basi mama ndo pua ya duka. Kuna siku alisukutua mvinyo mmoja mwekundu, akatema, akasema hii imevunwa na mvua. Lebo haikuandika mwezi. Akatufundisha pale pale, kwamba Dodoma mzabibu haulali maana hakuna baridi ya kuulaza, we mwenyewe ndo unauamsha kwa kupogoa, ukishapogoa miezi kama minne unavuna, ndo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka, kuna ya Februari na Machi mvua ikiwepo na kuna ya Agosti na Septemba kiangazi. Ya mvua zabibu inajaa maji, sukari inashuka, na ugonjwa unakuwa mwingi, unashinda unapiga dawa ya ubwiri, ule ukungu. Ya kiangazi ndo inakuwa na asali. Dada akampigia simu msindikaji aliyeutengeneza, akaweka spika, jamaa akasema Machi. Tulipiga makofi. Wiki mbili mbele mama kwa sauti ile ile na uhakika ule ule akatuambia mweupe mmoja ni wa Makutupora kabisa, hapa hapa Dodoma, udongo anaujua, gazeti likavuliwa kwenye chupa kumbe Afrika Kusini. Akacheka mpaka akashika kiti.

Mimi yangu ya aibu ilikuwa mwezi wa kumi. Dada alifunga chupa mbili kwa magazeti, tuonje, tutoe maksi kwa kumi. Ya kwanza nikaipa nane, nikatoa na hotuba, zambarau, ukakasi umekaa vizuri, haina haraka. Ya pili nikaipa tatu, nikasema hii inapiga spiriti puani, aliyetengeneza atafute kazi nyingine. Kumbe ni chupa moja imegawanywa mara mbili. Mvinyo ule ule, Dodoma hii hii. Nusu ilikaa friji dakika ishirini, nusu ilishinda kwenye shelfu karibu na ukuta unaopigwa jua la magharibi. Watu wanasema mwekundu unywewe kwa joto la chumba, sasa chumba cha nani? Changu Ipagala Novemba hii saa moja jioni bado nyuzi thelathini. Aliyeandika hivo alikuwa amevaa sweta. Tangu siku hiyo mwekundu wangu lazima upite friji kwanza, na mvinyo mingapi nimeitukana kwenye maharusi wakati kosa lilikuwa la turubai na jua, sitaki kufikiria.

Kuna Alhamisi moja haikuwa ya kucheka. Mama aliuliza tu, chupa moja hii inakula kilo ngapi za zabibu. Dada akasema kama kilo moja, moja na kidogo. Chupa ilikuwa na stika ya elfu kumi na nane. Mama msimu huo kilo aliuza mia nane, na hapo alishukuru, kwa sababu mwaka wa nyuma mnunuzi wake alimwambia subiri gari, gari likaja siku ya tisa, ndege na jua walishafika kabla yake, na waliokuja wakapima sukari wakasema haijafika kiwango. Akakamua mwenyewe kilichobaki, akakiuza kama mchuzi wa zabibu. Wanauita hivyo kweli, mchuzi, mi mwanzoni nilidhani ni wa kula na ugali. Dada akaanza kuhesabu na yeye upande wake, chupa tupu inatoka nje ya nchi, kizibo kinatoka nje, lebo, stempu ya ushuru, pango, umeme, akawa anahesabu kwa vidole na naona hakuwa anajitetea, alikuwa anataka kweli mama aone inaenda wapi. Mhasibu kwa mara ya kwanza alikuwa na kazi ya maana, akaandika zote nyuma ya daftari. Ikatoka kwamba dada kwenye ile chupa anabaki na hela ya chapati na chai. Mama akasema kumbe wote tunalima. Hakusema kwa utani wala kwa huruma. Tukaendelea na chupa ya tatu ila sikumbuki ilikuwa na ladha gani.

Sasa mi kwenye lile daftari miezi yote saba sikuwa na neno hata moja. Nilikuwa nasema bibo. Kila nikipata mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, ule unaobana koo kabisa sio ulimi tu, nasema huu ni ukakasi wa bibo, na wao wananiangalia, bibo ndo nini, lile tunda la korosho, aah sisi korosho tunaijua ya kwenye pakti. Neno linakufa. Na mimi kwetu msimu wa korosho mabibo yamelala chini kila mahali, ukila linakukaba koo, likidondokea shati doa lake halitoki, marehemu bibi alikuwa anayakamua anatengeneza uraka, siku ya kwanza mtamu kama juisi, siku ya tatu wazee wanaanza kupita pita uani kusalimia. Nikikaa kwenye kale kaduka huwa namkumbuka sana. Alikuwa anaonja kwa kata, anasukutua, anatema pembeni ya mlango, halafu anasema bado. Hakuna mtu aliyemwambia hiyo ni taaluma.

Bibo bichi halisafiri, kesho yake limeshaoza. Ila lipo lililokaushwa, kochoko, na wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia mfuko mmoja kwa basi. Leo nikaenda nao. Nikampa mama wa kwanza, "Shikamoo mama, hili ndo lile bibo langu." "Marahaba baba, lete." Akatafuna taratibu, macho yako ukutani kwenye kalenda, sisi tumesubiri kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Dada akammiminia ule mkavu kidogo. Akasukutua. Halafu akainama kwenye ndoo akatema vyote kwa pamoja, mvinyo na kochoko langu, mazoea tu.

"Andika," akamwambia dada.

Mhasibu akala vipande vinne akasema na yeye anaipata. Kijana wa kibuyu akawa wa tatu. Dada kaandika bibo, kaweka alama ya kuulizia mbele, akaniuliza hivi ni bibo au mbibo, nikamwambia mbibo ndo mti.