Ukaguzi wa Shule ya Kikatoliki Uanzie Kwenye Madaftari

Mwaka wa 2023 ulikuwa wa mwisho kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, na tangu hapo parokia nyingi huku magharibi zimepoteza kipimo walichokizoea cha kuzipimia shule zao. Zamani paroko alisubiri matokeo, akatangaza alama za wastani baada ya Misa, na waumini wakarudi nyumbani wakiamini wameijua hali ya shule. Siku hizi watoto wa Gredi ya 6 hufanya tathmini ya KPSEA, ambayo haikuundwa ili kuzipanga shule kwa nafasi, kwa hiyo mdhamini, yaani kanisa linaloilea shule, anayetaka kujua iwapo watoto wanafundishwa vyema hana budi kuingia darasani akajionee. Mimi ni mmoja wa wawakilishi wa mdhamini katika Bodi ya Usimamizi ya shule moja ya msingi ya umma Kaunti ya Kakamega, na naandika haya kwa kuwa naona ukaguzi wetu unaishia mlangoni.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini viti vitatu katika bodi, inamkabidhi malezi ya kiroho ya wanafunzi, na inamtarajia achangie fedha na majengo. Walimu wameajiriwa na TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, na maafisa wa kuhakikisha ubora wako chini ya Wizara ya Elimu. Kutokana na mgawanyo huo, wengi wetu tumejituliza kwamba kazi ya Kanisa ni sala na mabati, masomo ni ya serikali. Sheria ya Kanisa yenyewe haisemi hivyo. Kanuni ya 806 ya sheria hiyo, iliyotolewa mwaka wa 1983, inampa askofu wa jimbo haki ya kuziangalia na kuzitembelea shule za Kikatoliki zilizo katika eneo lake, hata zile zilizoanzishwa na mashirika ya kitawa, kisha inawataka wakuu wa shule hizo wahakikishe kwamba elimu itolewayo humo haipitwi kitaaluma na ile ya shule nyingine za eneo hilo. Sioni mwanya wa kukwepa hapo.

Timu ya ukaguzi inapofika, aghalabu mwalimu mkuu huwa ameshapanga mezani maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, rekodi za kazi na rejista za mahudhurio, vyote vimepigwa muhuri. Nyaraka hizo zina umuhimu wake, kwani mwalimu asiyejiandaa hujulikana upesi. Hata hivyo azimio la kazi hueleza kilichokusudiwa, ilhali daftari huonyesha kilichomfikia mtoto. Katika shule moja tuliyoitembelea, azimio la Kiswahili la Gredi ya 4 lilikuwa safi kabisa. Tulipoomba madaftari ya watoto walioketi nyuma, tulikuta insha ileile kwa maneno yaleyale, imenakiliwa kutoka ubaoni, neno "halafu" likiwa limeandikwa "alafu" katika kila daftari, na chini yake alama ya vyema kwa wino mwekundu. Msichana mmoja aliombwa asome aya ya kwanza ya insha yake mwenyewe. Alitamka sentensi mbili kwa ufasaha, kwa sauti ya mtu aliyekariri, kisha akanyamaza huku kidole chake kikiwa bado kwenye mstari wa kwanza.

Mwalimu wake hakuwa mvivu, na ni haki ya mwalimu huyo lisemwe wazi. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 60, wamebanana kwenye madawati, na kipindi cha Gredi ya 4 ni dakika 35. Hata angekiacha kila kitu awasikilize wakisoma mmoja mmoja, wapo ambao kengele ingelia kabla ya zamu yao. Ripoti inayoandika "mwalimu aongeze bidii" bila kutaja hali hiyo ni ripoti ya kumwonea. Mdhamini ana sauti kwenye bodi, na bodi inaweza kudai walimu zaidi, kuajiri msaidizi, au kupanga saa ya kusoma ambapo walimu wote wanagawana watoto hao.

Katika shule za kibinafsi zinazoendeshwa na masista mambo ni tofauti kidogo, kwani huko shirika ndilo mwajiri. Mkaguzi wa jimbo aulize na mishahara, maana mwalimu anayelipwa kwa kuchelewa huondoka katikati ya muhula, na watoto ndio wanaoanza upya.

Kuhusu dini nitasema machache. Katekesi na Misa za shule zisimamiwe vyema, na watoto wa Waquaker na Waislamu, ambao shule zetu huku zinao, imani zao ziheshimiwe kama sheria inavyoagiza. Lakini mtoto asiyeweza kusoma hawezi kuisoma hata Injili tunayomfundisha.

Pendekezo langu kwa bodi yetu ni kwamba ziara ijayo ianzie darasani, kwa kuchagua watoto wachache bila kumtegemea mwalimu atuchagulie, tuwasikilize wakisoma maandishi wasiyowahi kuyaona, tuyapitie madaftari yao, na ndipo tuende ofisini kuzitazama nyaraka. Muhula unaofuata turudi kwa watoto walewale. Ripoti isomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa wazazi, mwalimu mkuu akiwapo na akipewa nafasi ya kujibu, kisha nakala yake ipelekwe kwa ofisi ya elimu ya jimbo na ya kaunti ndogo.