Ya kuvaa au ya kuwamba ngoma?

Neno lenyewe lilisemwa Jumanne. Leo Jumamosi, na bado nikikaa kimya tu linanirudia.

Mliofuatilia habari za banda mnajua nilivyoihangaikia ngozi ya lile dume jeupe la sungura. Maji lita nane, chumvi ya mawe nusu kilo, shabu kikombe kimoja, nikailoweka humo. (Muuza duka alinitazama kwa jicho lile. Mwanamke akinunua shabu nyingi hivyo, nani atafikiria sungura?) Baada ya siku mbili nikaitoa, nikabandua utando polepole kwa vidole, maana ngozi ya sungura ikilowa huchanika kama karatasi, kisha nikairudisha wiki nzima na kikombe kingine cha shabu. Manyoya hayakunyonyoka. Nikajiona fundi.

Mama mkwe akaja kutoka Ilembula. Nikamwambia, "Mama, hii ya kiunoni, baridi la Juni hilo linakuja." Akaipokea kwa mikono miwili. Akaikunja, ikalia kwaa! Akaigonga kwa kidole, halafu kwa upole kabisa:

"Mama Eliya, hii ni ya kuvaa au ya kuwamba ngoma?"

"Italainika mama, ukishaizoea."

"Niizoee mimi, au yenyewe ndiyo inizoee kwanza?"

Nikacheka. Kwa nini nilicheka? Angenisema kwa ukali ningepata pa kushika. Ule upole ndio unaonila. Akaongeza, Njombe nzima ni miti ya miwati, dawa ya ngozi unanunuaje dukani? Hapo nilikuwa na jibu: magome ya miwati huipa ngozi wekundu, mimi nilitaka ibaki nyeupe. Jibu lenyewe likanijia ameshapanda basi, ngozi kaniachia.

Baba Eliya kapata barua ya uhamisho kwenda Sumbawanga, mdogo wangu kaletewa mahari, na mimi nawaza ngoma.

Alhamisi usiku, naosha vyombo, nikakubali: mama ana haki. Niliigongomea ubaoni nikaiacha ikauke kabisa, wakati ilitakiwa kuvutwa ikiwa bado na unyevu. Nikaifuta upande wa nyama kwa kitambaa kibichi. Kuizamisha sikuthubutu, shabu ingetoka yote. Nikaikunja ndani ya mfuko ilale.

Jana nikakaa karibu na jiko nikaivuta juu ya mgongo wa kiti, huku na huku, kama mtu anavyojikausha mgongo kwa taulo. Kila mara naiweka shavuni: ikiwa ya baridi, bado ina maji. Mikono iliwaka moto. Kisha tumboni, palipo pembamba, ile rangi ya kahawia ikaanza kugeuka nyeupe, ikatambaa hadi ubavuni. Shingo ikagoma, nikaipaka kiini cha yai, nikavuta tena. Pale kwapani nilitoboa tundu, nimelishona.

Leo nimeiangusha gotini ikalala kama kitenge. Nimeikunja sikioni. Kimya! Nimecheka peke yangu jikoni, Eliya akaja kuchungulia.

Kesho naituma kwa basi. Nafikiria kuweka kikaratasi, "Ya kuvaa, mama." Au nisiandike kitu.

Ila Eliya. Mwalimu anasema anahama dawati kusogelea ubao. Jioni nimemwonyesha kalenda ya ukutani akiwa mlangoni, anisomee tarehe. Nane akaisoma tatu. Nikasogeza taa, akasema tatu tena.