Bano Lililobaki Wazi

Jana jioni binti yangu aliniita nione kosa kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kabla sijavuta kiti alikuwa ameshalirekebisha: ujumbe ulimwambia kuwa bano la mraba halikufungwa, na kishale kilisimama palepale lilipofunguliwa, mstari wa 3. Nikamkumbuka fundi cherehani niliyewahi kumfundisha, na toleo lake la zamani, Python 3.8.

Kuisakinisha hakukutusumbua. Tulitia alama kwenye kisanduku cha PATH, yaani orodha ya mahali Windows inapotafuta programu, ambacho wengi hukiruka, kisha wakiandika amri ya python Windows haiitambui. Alitaka kitu kidogo tu, kujumlisha mita za vitambaa. Mstari wa 3 akaandika vipande = [1.5, 2, 0.75 akasahau kufunga. Wa 4, jumla = sum(vipande). Wa 5, print(jumla), amri ya kuonyesha jibu.

Kompyuta ikadai sintaksia, yaani mpangilio wa maandishi, ya mstari wa 4 si sahihi. Akausoma herufi kwa herufi, kidole kikitembea juu ya kioo. Akaufuta, akauandika upya. Kosa lilelile. Akafupisha jumla kuwa jml. Lilelile. Mwishowe akauondoa kabisa, na kosa likahamia kwenye print, ambayo muda wote haikuwa imelalamikiwa. Akanigeukia, akauliza taratibu, "Sasa na hii imekosa nini?"

Haikuwa imekosa kitu. Bano likiwa wazi, Python haihesabu mwisho wa mstari. Huendelea kusoma chini ikitafuta koma au bano la kufunga. Ilikwama ilipokutana na jina jumla, nayo ikataja pale ilipokwama. Nikampa kanuni yetu waandika programu ya siku zote: mstari ukilaumiwa nawe huoni kosa, tazama ulio juu yake. Akaurudisha mstari, akafunga bano, 4.25 ikatokea. Akashukuru, akazima kompyuta. Hakuomba somo la pili.

Toleo la 3.10, la Oktoba 2021, ndilo lililoanza kulitaja bano lenyewe. Kinachoniuma ni kwamba 3.8 tayari ilikuwa ikikumbuka kila bano lilipofunguliwa: ukifunga la mraba kwa la duara, ilikutajia hadi namba ya mstari. Sijui kama angeendelea iwapo angeambiwa hivyo usiku ule. Na ujumbe wenyewe hadi leo ni wa Kiingereza. Binti yangu anakisoma. Fundi usiku ule kila mara aliniomba nimtafsirie.